Kijibwa cha Karnunto

Patavio, siku tano kabla ya Machi kuandama

Kwa kaka yangu Kwinto Mestrio, askari wa Karnunto, kando ya mto Danubi

Shikamoo kaka.

Leo naweka nadhiri mbele ya miungu ya jikoni kwetu kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama ataniambia niyaruke. Mpaka sasa barua zetu zilikuwa zikiandikwa na karani wa sokoni, na kila aliloambiwa na Mama aliligeuza likawa salamu na kuuliza afya. Sasa nina miaka kumi na mitatu, na Mwalimu Epagatho ameridhika kwamba mwandiko wangu umenyooka. Basi kazi ya kuandika, na ya kumsomea Mama zako, ni yangu.

Nianze na Babu. Hajambo, ila bado analala na buti miguuni. Kisa chake unakijua, lakini nakiandika kwa mazoezi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, wakati Warumi walipokuwa wakichinjana wenyewe kwa wenyewe, walikuja askari alfajiri wakasema shamba limeshagawiwa watu wengine, na familia nzima ikatembea maili ishirini bila viatu. Tangu siku hiyo hajalala peku. Juzi mji ulipochinja ng'ombe mweupe kwa ajili ya Amani, nilimwambia Babu kwamba ni miaka hamsini sasa Waitalia hawajapigana. Akasema hata paka hulala kabla ya kuruka.

Mama naye hana nafasi ya kuogopa. Barabara ni salama, Roma inataka nguo zetu, na vitanda vyetu vya kufumia vimekuwa sita badala ya vinne. Anachotaka sasa ni mkwe. Amemchagua Titinia, binti wa dobi wa karibu na daraja, yule mjane mdogo mcheshi. Nilimkumbusha kwamba sheria inamkataza askari kuoa, nawe umebakiza miaka mitano. Akanijibu kwamba sheria haijamkataza mtu kuposewa, na Titinia anaweza kungoja. Anataka jibu lako kabla ya mavuno ya zabibu.

Jambo langu mwenyewe ni dogo. Darasani tuko Mestria wawili, mimi na binti wa baba mdogo. Ninyi wavulana mnapewa jina la kwanza lenu wenyewe. Msichana hugongwa jina la ukoo kama chungu kinavyogongwa mhuri, basi. Marehemu shangazi alikuwa Mestria, mimi Mestria, na mwalimu akiita tunageuka wote wawili. Ningependa siku moja niitwe halafu nigeuke peke yangu.

Nimekuona mara mbili tu maishani, kaka. Utakuja likizo lini?

Dada yako mdogo,
Mestria

*

Karnunto, siku kumi na sita kabla ya Aprili kuandama

Mdogo wangu Mestria, marahaba.

Mwandiko wako umenyooka kuliko barabara tunayojenga. Akida wetu ameusifu, na akida huyu hajamsifu mtu tangu nimjue.

Mwambie Babu kwamba vita vya huku ni vya matofali. Tunafinyanga, tunachoma, tunapanga. Upanga wangu nimeukatia jibini wiki iliyopita. Ng'ambo ya mto wapo watu wenye ndevu hadi kifuani, nao huvuka kila siku ya soko kutuuzia asali na kutulalamikia bei.

Usingizi tu ndio sina. Kijibwa changu kinalia kuanzia jogoo wa kwanza, na kikinyamaza ndipo baragumu la kambi linalia. Lakini kikinitazama nasahau yote.

Kuhusu Titinia, msalimie. Mwambie Mama nitafikiri. Likizo sijui.

Kaka yako,
Kwinto

*

Patavio, siku kumi kabla ya Mei kuandama

Shikamoo kaka.

Una kijibwa! Mama aliposikia neno hilo aliniomba nisome mara mbili, halafu akasema, "Tangu utoto wake ni mbwa tu, mbwa tu." Alinihadithia ulivyomficha mbwa wa mchungaji ndani ya pipa la sufu, na sufu yote ikaoshwa upya.

Nimekitengenezea ukanda wa shingo, mwekundu, nimeufuma mwenyewe kwa mabaki ya kitanda cha tatu. Nimeufunga kengele ndogo ili kisipotee kambini. Sasa nijibu moja moja, kwa sababu Babu pia anataka kujua. Ni dume au jike? Kinakula mifupa? Kinabweka wageni? Umekifundisha kukaa chini ukikiamuru? Babu anasema ukipige kidogo kila asubuhi kijue bwana wake ni nani. Mimi siafiki. Mwalimu Epagatho hatupigi, na bado tunamjua.

Nimeweka nadhiri kueleza kila kitu, basi hili nalo nieleze. Dobi alikuja kwetu kuuliza jibu lako. Mama akasema kaka anafikiri. Dobi akasema yeye hutumia muda mfupi kuliko huo kutoa doa la divai. Walicheka, lakini Mama hakucheka mpaka mwisho. Usiku, wakati wa chakula, alisema kwamba mwana asiyetaka kuchaguliwa mke ni mwana asiyetaka kurudi. Kisha akainuka akaenda kukagua mlango ambao ulikuwa umefungwa.

Hutaki kurudi, kaka?

Dada yako,
Mestria

*

Karnunto, siku nne kabla ya Juni kuandama

Mdogo wangu,

Ukanda umefika. Kengele imependwa mno, kiasi kwamba mimi na jirani zangu tunaisikia hata tukiwa usingizini. Shingoni haukukaa vizuri, tumeufunga kiunoni.

Majibu yako ni haya: ni jike. Mifupa bado, jino ndilo kwanza limechomoza moja. Kukaa kinaanza, lakini si kwa amri ya mtu, na baada ya muda kinaanguka ubavu na kucheka. Mwambie Babu asithubutu hata kuwaza lile la kupiga.

Namtumia yeye kitambaa cha kujifunika magoti. Ni sufu ya huku. Maji ya mvua yanateleza juu yake. Kimefumwa na mtu ninayemfahamu.

Mwambie Mama natamani kurudi kila siku. Hilo msomee polepole. Kuhusu Titinia nisemee kwamba moyo wangu haujawa tayari, useme vizuri, wewe umesoma.

Samahani kwa ubao huu wa zamani, mpya zimekwisha. Nta ya kuandikia nimeiyeyusha tena juu yake. Ukimaliza kusoma utumie kwa mazoezi yako ya shule.

Kwinto

*

Patavio, siku nane kabla ya Julai kuandama

Kaka,

Barua hii simwandikii mtu mwingine, na Mama sitamsomea kabla ya kuituma. Ni mara yangu ya kwanza kufanya hivyo.

Barua yako niliisoma kwa sauti, na wote tulicheka kijibwa kinachocheka. Mama alikishika kitambaa cha Babu, akakigeuza juu chini, akatazama pindo, akakigeuza tena. Akasema hajui ni nani, lakini mkono huo unajua kazi.

Kesho yake nilichukua ubao shuleni kama ulivyosema. Nta yake ilikuwa nyembamba, kalamu ilikuwa ikigota mbao. Mwalimu Epagatho alitufundisha hivi tulipokuwa wadogo: herufi zimechongwa ndani ya ubao, nasi tunafumba macho na kuzifuata kwa kidole mpaka kidole kizijue. Nilipoikwangua nta ili niilainishe, kidole changu kilikutana na herufi chini yake. Nikafumba macho. Mwandiko ulikuwa wako, umekandamiza kalamu kwa nguvu mpaka ikaingia mbaoni. Yalisomeka haya:

"Kwinto kwa mwokaji. Amekuja leo alfajiri, wote wawili wazima. Nataka keki ishirini za asali siku ya nane tangu leo. Banona anashukuru kwa maziwa. Akida ataambiwa ni keki za mchezo wa kete."

Nilikaa nimefumba macho mpaka mwalimu akauliza kama nimelala.

Mwanzoni nilicheka. Nani anampikia mbwa keki ishirini? Halafu nikahesabu. Mvulana hupewa jina siku ya tisa. Siku ya nane ni ya msichana. Na nikakumbuka kwamba Mama, aliponibeba nikiwa mdogo, alikuwa akiniita kijibwa chake. Kila mama wa Patavio humwita hivyo mtoto wake, ila yeye alikuwa akimwaza yule mbwa wako wa pipani. Mimi niliyesoma ndiye sikulielewa neno ambalo dobi angelielewa.

Nimemfungia mpwa wangu kengele ili asipotee kambini. Nimeuliza kama anabweka wageni. Nisamehe.

Sijamwambia mtu. Lakini niliweka nadhiri, na kila Mama anaponiuliza kama ulisema lolote jingine, ninasema hapana, na hapana hiyo inanikwama kama mwiba wa samaki. Tafadhali mwandikie mwenyewe. Nitasoma vizuri. Sitaruka neno.

Mestria

*

Karnunto, siku kumi na moja kabla ya Agosti kuandama

Mdogo wangu Mestria, ambaye sikujua kwamba amekua,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye tanuri la matofali, na matofali ya siku ile yameungua yote. Akida alinitukana mpaka akachoka. Yalikuwa haki yangu.

Basi sikia, na ukishasoma amua mwenyewe kama Mama aisikie. Ukiona haifai, ichome.

Banona ni mtu wa huku. Baba yake ana mtumbwi wa kuvusha watu mtoni. Tuna nyumba ndogo nje ya ngome, na kwa kuwa hakuna vita, akida huhesabu vitanda vya bwenini akiwa amefumba jicho moja. Kitambaa cha Babu alikifuma yeye. Kilatini chake ni cha sokoni, lakini matusi yangu yote anayajua, na anayarudisha.

Sikuwaambia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Kwa sheria mimi sina mke, na mtoto si wangu. Anafuata jina la mama yake. Nikifa kesho, karani ataandika kwamba Kwinto Mestrio hakuacha mtu. Ya pili ni Mama. Alizika watoto wawili kati yako na mimi, na aliyebaki mkubwa akaenda jeshini. Niliogopa kumwandikia kwamba mjukuu wake wa kwanza atazungumza lugha ambayo haiwezi hata kuandikwa. Niliogopa atasema huyo si wetu. Nikanyamaza, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema.

Nimepewa likizo. Mwezi wa Oktoba tunasindikiza mzigo wa kaharabu mpaka mji wa Akwileia, na kutoka hapo kuja kwenu ni siku chache. Naweza kuja peke yangu. Naweza pia kuja na watu wawili. Au nisije. Nangoja neno kutoka nyumbani.

Umeniuliza mengi kuhusu mtoto lakini hukuuliza jina, nami sijaliandika kwa makusudi. Nitaliandika nikishajua kama lina mahali pa kukaa huko.

Kwinto

*

Patavio, siku sita kabla ya Septemba kuandama

Kaka yangu mpendwa, shikamoo, na shikamoo dada Banona, ambaye naomba umsomee barua hii kwa lugha yoyote anayoitaka.

Sikuichoma. Nitakueleza kila kitu kama nilivyoapa, kwa utaratibu wake.

Nilingoja mpaka wafumaji walipoondoka. Mama alikuwa akipiga uzi kwenye kitanda cha kwanza, Babu yuko kwenye kiti chake amejifunika magoti. Nikasema kuna barua ndefu. Mama akasema soma, sikio halihitaji mikono. Nilianza, na mpaka nikafika kwa Banona uzi ulikuwa ukipigwa. Nilipofika pale kwenye sheria, ulinyamaza. Nilisoma hadi mwisho bila kuinua macho. Kisha ilinibidi nimweleze pia ya ule ubao, na keki, na kwa nini nilikuwa nimeficha.

Mama alirudi kupiga uzi, kwa nguvu sana, na akapiga hivyo siku tatu. Kipande kile cha nguo ni kigumu kama ngozi, hakiuziki. Nilikuwa na hakika nimekupoteza.

Siku ya nne alikuja kitandani kwangu asubuhi akasema, "Soma tena pale kwenye keki."

Nikasoma kwa kichwa, kwa kuwa nilikuwa nayajua. Akauliza ni nani aliyezipika. Nikasema mwokaji wa kambi. Hapo ndipo akavunjika, kaka, lakini si kwa yale uliyoyaogopa. Alisema, "Siku ya nane ya mjukuu wangu imepita, mimi nyanya yake niko hai na mikono yangu miwili, na unga kaukanda mwanamume asiyemjua. Nani alimpaka mate kwenye paji la uso kumkinga na kijicho? Nani alimwombea?" Nikasema sijui. Akasema basi haikuhesabika.

Halafu akaenda akavuta kitambaa cha magoti ya Babu, Babu akiwa bado usingizini, akaketi nacho mlangoni penye mwanga. Alihesabu nyuzi za pindo. Akaniuliza kama nina hakika ni yule yule Banona. Nilipomwambia ndiyo, akasema amejaribu pindo lile kwa siri tangu Juni na uzi unamkatikia kila mara kwenye kona. Anataka aonyeshwe. Anasema Kilatini cha sokoni kinatosha, maana kufuma hakuzungumzwi.

Kwa Titinia alikwenda mwenyewe, amevaa shela ya heshima, tayari kutukanwa. Titinia alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa akiogopa miaka mitano ya kukungoja kuliko ulivyokuwa ukimwogopa yeye, na baba yake ndiye aliyekuwa na haraka. Amenipa kitambaa cheupe cha mtoto, kimefuliwa mara tatu. Dobi amenuna, lakini ataletewa keki.

Amebaki Babu. Siku ile hakuisikia barua vizuri, basi tulimweleza kwa sauti kubwa. Aliuliza kama baba mkwe wako, yule wa mtumbwi, anao upanga. Nikasema anao kasia. Akafikiri. Akaniuliza mtoto ana viatu gani vya safari. Nikasema hajaanza kutembea. Akasema hata yeye hakutegemea kutembea siku ile. Kisha, kaka, mbele ya macho yangu na ya Mama, akavua buti la kushoto, akasema ngozi ya juu ni laini, imekaa na mguu wake muda mrefu, haitamuumiza mtoto. Fundi ameikata jana. Vimetoka viatu viwili, kila kimoja ni kirefu kama kidole changu cha kati. Nilimwuliza kama na la kulia tulipeleke. Akajibu kwamba Amani ataipa mguu mmoja kwanza, aone itaufanya nini. Jana alilala hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, na alikoroma kuliko kawaida.

Ndani ya mzigo huu utakuta viatu, kitambaa cha Titinia, na hirizi yangu ya mwezi mwandamo. Najua msichana huivua usiku wa kuamkia harusi. Mama amesema miungu ya jikoni itanielewa, na kwamba mtoto atakayebebwa kwenye barabara za jeshi anaihitaji kuliko mtu anayetoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi. Shingo yangu inaona ajabu, lakini naizoea.

Njoo Oktoba. Njooni watatu. Mama anataka siku ya nane ifanywe upya hapa, hesabu ianze siku mtakayovuka kizingiti. Unga tayari umechaguliwa.

Sasa limebaki lile jina ulilolificha. Nilimwuliza Mwalimu Epagatho, bila kutaja mtu, kuhusu mtoto wa askari. Alisema ulivyosema wewe: katika daftari za serikali anafuata mama yake, na mwalimu hawezi kulibadilisha hilo, wala mimi. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba daftari halimwiti mtoto kuja kula. Wanaomwita ni ninyi.

Mwanzoni mwa mwaka nilikulalamikia kuhusu jina langu, kwamba wanalishika wengi. Naomba ulisahau lalamiko lile, au ulipeleke kwenye Danubi ulitupe. Shangazi alilivaa, mimi nimelivaa, na bado lina nafasi. Sisemi lazima. Kama Banona amemchagulia jina la mto au la ndege wa kwao, nitajifunza kulitamka na nitawafundisha Mama na Babu. Lakini mbebaji wa sufu anayetuchukulia barua anarudi huko kesho, na nimemwomba asiondoke Karnunto bila jibu lako mkononi.

Masomo yote aliyonipa mwalimu nimeyamaliza, nimebakiwa na moja tu ninalolitaka. Mnapomwita mtoto na kengele yake ikalia akigeuka, mnatamka jina gani? Je, kaka, mimi nina somo?

Mestria